Alama kwa Mfalme wa Masizi

Mara ya arobaini na moja ananiua
yule mfalme asiye na uso, mwenye nyundo ya kengele,
na sasa najua: huinua bega la kushoto kwanza,
hushusha pumzi, kisha hupiga.
Najua, na bado nachelewa.

Katowice, Novemba. Bomba la joto lakoroma chini ya dirisha,
tramu ya mwisho imeshapita na mwanga wake wa manjano,
na mhariri ameniandikia tena: Ludwina, saa tatu asubuhi,
maneno mia nane, na namba.

Namba. Moja hadi kumi,
kana kwamba napima viazi.

Wenzangu wamekwisha kupima.
Kajetan wa Warszawa ametoa kumi:
kila kifo ni mwalimu, asema,
na ngazi za mnara huzunguka, huzunguka,
hata ukafungua mlango mmoja wenye kutu
ukajikuta pale pale ulipoanzia.
Ni kweli. Nami niliufungua saa nane usiku
nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.
Mwingine ametoa tisa; moja ameikata kwa sababu ya kamera
inayojibanza konani kama paka aliyeona maji.
Mwingine analalamika kwamba hadithi imesagwa
ikanyunyizwa kwenye pete, mifupa na kofia za chuma,
mtu aokote mwenyewe, punje kwa punje.
Yeye alitaka uji.

Na Dobrawa,
ambaye vidole vimemkakamaa tangu baridi yabisi imshike,
ametoa nne.
Aliandika: Nimesimama nje ya nyumba nzuri.
Nimeona madirisha yake. Zaidi ya hapo sina la kusema.
Wakamtukana siku tatu mfululizo.
Jifunze kucheza, walimwambia,
watu ambao hawajawahi kushindwa na kifungo cha shati.

Baba ameamka. Kikohozi hakimwachi alale;
miaka ishirini na sita ya makaa chini ya ardhi,
na mapafu bado yanalipa riba.
Anaketi kando yangu na chai yake ya glasi,
ananitazama nikifa mara ya arobaini na mbili.
"Anainua bega," anasema.
Najua, Baba.
"Mbona basi?"

Namweleza kwamba wahakiki wanausifu mchezo huu
kwa kuwa ni mgumu lakini una haki:
ukifa, kosa ni lako.
Anakunywa funda. Analisikiliza neno lile, haki,
jinsi alivyokuwa akiisikiliza dari ya shimo.
"Mwamba," asema mwishowe, "haukuwa na haki wala dhuluma.
Ulikuwa mzito tu.
Achim alilijua bega lake lote."

Haongezi neno. Kioo chaniuliza kama niendelee.
Huko majivu hukusanyika, yakawa goti, yakawa mkono,
nami nikasimama tena kando ya mshumaa
na upanga uleule, na aibu ileile.
Sijui kama hiyo ni faraja
au ni tusi kwa Achim.

Saa kumi na moja alfajiri namwangusha.
Si kwa ustadi: nyundo yake ilinasa kwenye nguzo,
nikampiga, nikampiga, nikiwa nimefumba jicho moja.
Kengele ikalia. Viganja vyangu vilikuwa vimelowa.
Nikageuka nimwonyeshe Baba;
amelala kitini, glasi i mkononi, haijamwagika.

Naandika: Ni mzuri kupita kiasi. Nafuta.
Naandika: Hauombi kupendwa.
Hiyo naiacha.
Naandika kuhusu mlango wenye kutu,
kisha kuhusu Dobrawa, katika aya ileile,
mhariri akitaka kuwatenganisha na atumie kisu chake.
Nguzo nayo naitaja.

Saa tatu kasoro dakika nne nabonyeza nane.
Papo hapo naiona ndogo, kisha kubwa,
kisha si kitu ila miwani ya Baba
iliyosimamishwa wima.
"Amekufa?" anauliza, macho bado yamefumba.
Amekufa.
"Na wewe?"
Mara arobaini na sita, namjibu, na naituma.