Bomba la Taka Limefungwa

Fundi Ilgvars alikuja mwezi wa pili,
baridi nyuzi ishirini chini ya sufuri,
na kinyago cha chuma na mtungi wa gesi,
akapanda ghorofa baada ya ghorofa
akichomelea vifuniko vya bomba la taka.
Cheche ziliruka koridoni
zikazimika kwenye theluji ya viatu vyake.
"Kuanzia leo," akasema, "kila mtu abebe mzigo wake."

Hakujua alichokisema.

Miaka thelathini na minne bomba lile
limepita nyuma ya ukuta wa jiko langu
kama koo la mnyama asiyeshiba.
Nilijua saa bila saa:
kopo la samaki la Prokopijs, kwa-kwa-kwa, alfajiri;
nepi za mapacha wa ghorofa ya nane, nzito, bila neno;
mchanga wa paka, kama mvua ya ghafla;
na usiku wa manane, glasi,
ikishuka ghorofa sita nzima
ikijigonga, ikilia, kisha chwaa! huko chini.
Hiyo ilikuwa chupa yangu.
Sikuona haya. Bomba halina macho,
na taka ya wengi haina mwenyewe.

Sasa uani yamepangwa mapipa manne:
la manjano la karatasi, plastiki na makopo,
la kijani la glasi,
la kahawia la maganda na makombo,
na jeusi, la vitu ambavyo hata kamati
haikujua iviite nini.
Maelekezo yamebandikwa ndani ya lifti, lugha mbili,
na picha ya kifuko cha chai kilichofumuliwa:
majani huku, uzi kule, kijikaratasi pengine.
Nimeendesha treni za mizigo hadi Daugava na kurudi,
sikuwahi kuogopa njia panda.
Mbele ya kifuko cha chai niliduwaa.

Nikawa nashuka usiku, chupa nimezivika gazeti
zisigongane zikanisema.
Ngazi nzima zilinisema.

Ndipo nikamkuta Zenta wa ghorofa ya tisa
mbele ya pipa la kijani, kofia ya sufu hadi nyusi,
na kigari cha sokoni kimejaa chupa pana za cheri,
hazijafunguliwa hata moja.
"Za Arnolds," akasema. "Alizisindika mwaka ule mto ulipofurika.
Mimi daktari kaniambia nina sukari.
Bombani ningezitupa usiku mmoja, macho nimefumba,
zipasuke huko chini, yaishe.
Hawa wanataka nizifungue moja moja."

Nikamshikia tochi.
Kifuniko, manjano.
Cheri, kahawia, zikamwagika taratibu,
chache zikabaki nyekundu kwenye theluji ya ukingoni.
Glasi aliisuuza kwa theluji, kijani.
Ya pili vivyo hivyo.
Ya tatu akasita. Ukucha wake ukabandua lebo:
CHERI. JULAI. MWAKA UJAO SUKARI IPUNGUE.
Herufi zimeinama zote upande mmoja
kama watu wanaotembea dhidi ya upepo.

"Na mwandiko," akaniuliza, "unaingia pipa gani?"

Niliyatazama yote manne.
Karatasi, nilitaka kusema, manjano,
ulimi ukaganda, si kwa baridi.
Lebo ikaingia mfukoni mwa koti lake
pamoja na funguo.

Kisha akanyoosha kidole kwenye furushi langu.
"Nawe, Leontijs, gazeti upande ule, chupa upande huu.
Usinifiche. Ulidhani kwenye bomba sauti hushuka tu?"

Nikazivua moja moja.
Hakuzihesabu. Alishika tochi tu,
na mkono wake haukutikisika.

Chupa ya mwisho ya cheri hakuifungulia pipa.
Aliipasha kwanza kwa viganja, akaipindua kifuniko,
akanielekezea mdomo wake mpana.
Hatukuwa na kijiko.