Njiti Saba

Hapa Mabatini nyumba zimeyakalia mawe,
bati la mmoja ni kibaraza cha mwenzake,
mtu akikohoa juu, walio chini humpa pole.
Usiku ule hakuna aliyekohoa.
Luku ilikuwa imekwisha tangu saa mbili.
Magesa zamu, kiwandani, anachuna ngozi za sangara.
Watoto wamelala kichwa kwa miguu,
kama dagaa waliosahaulika kichanjani.

Kwanza nikasikia changarawe.
Kisha: chwaa.
Mwanga ukachungulia kwenye tundu la msumari, ukafa.
Harufu ya kiberiti ikaingia bila hodi.

Chwaa, tena.
Nikasema moyoni: huyu kaja kutuchoma.
Nikaanza kuhesabu adui zangu, saa tisa usiku,
kazi ambayo mchana sina muda nayo.
Nyabuso, ananidai elfu nane za kikoba.
Mpangaji wa juu, nilimtukania mama yake
kwa sababu ya maji ya kuoshea samaki.
Yule wa duka la mkaa… huyo hata simjui vizuri,
nilimwongeza tu.

Mkononi nina mchi. Mdomoni nina neno.
Neno lenyewe mnalijua, lina silabi mbili,
na mlima mzima huliamkia, hata wagonjwa.
Ukishalitoa huliiti likarudi.
Mwaka juzi mwaloni Kirumba lilitoka kinywani mwa mtu mmoja;
jioni kilibaki kiatu,
kimoja, gidamu yake imeshonwa kwa uzi wa nyavu.
Mimi nilipita na beseni kichwani.
Sikulitua.

Msije mkanisifu. Sikuwa jasiri,
ulimi ulikuwa mkavu tu, umegandia kwenye kaakaa.
Nikajiambia: ngoja njiti moja zaidi.
Chwaa.
Ngoja na hii.
Chwaa.
Kwenye ya tano ndipo nikaona kitu:
mwanga haushuki.
Anayechoma nyumba huanzia chini, kwenye matambara, kwenye kizingiti.
Huu ulikuwa juu, usawa wa macho,
unatembea ubaoni polepole
kama wa mtu anayesoma barua ya mwanawe
na hataki iishe.

Nikauliza, kwa sauti ninayouzia nyanya:
"Unatafuta nini, baba?"

Kimya. Njiti ya sita ikamuunguza, nikamsikia akipuliza kidole.
"Mwadila, mayu. Natafuta mlango wa bluu.
Mwanangu Ngasa alisema wa bluu, chini ya jiwe lililopasuka.
Kivuko cha Kamanga kilichelewa, simu imezima,
na kila mlango ninaoumulika ni mweusi."

Ngasa! Mlango wake ulikuwa bluu hadi Pasaka,
mwenye nyumba akaupaka kahawia bila kumuuliza mtu.
Wetu ni kijani. Lakini kijani ni nini
mbele ya njiti moja, saa tisa?
Na jiwe lililopasuka, hapa kwetu,
ni lipi ambalo halijapasuka?

Sikufungua. Ukarimu wangu haukufika huko.
Nilisemea kwenye tundu la msumari:
"Panda kushoto hatua nane, utagusa pipa. Gonga hapo."
Akashukuru mara nyingi kupita kiasi.
Chwaa, ya saba, ya kutafutia ngazi.
Kisha sufuria ikaanguka huko juu, mtu akaita "Baba?"
na jogoo aliyekuwa kikapuni muda wote huo, kimya kama mimi,
akawika.

Asubuhi nilifagia njiti saba,
nyeusi, zimejikunja, nyepesi hata ufagio haukuzisikia.
Magesa karudi ananuka minofu,
akauliza mchi unafanya nini kitandani.
Nikamwambia ulisikia baridi.

Akacheka, akalala.
Nikachota maji kikombe kimoja, nikasukutua,
nikasukutua tena,
maji nikaenda kuyatema mbali, nyuma ya jiwe,
mahali pasipopita mtu.