Chumvi Kiasi

Alipanga chumba changu cha juu, Kuze, miezi mitatu,
Wening Prastowo, mtu wa Semarang,
sanduku moja la nguo na mawili ya karatasi.
Nilimuuliza kazi. Akasema: Naandika mapishi.
Kisha, kama anayetaja deni: Na mashairi, zamani.

Mashairi, alinieleza huku akikuna nazi,
goti limemtoka nje ya leso, mbuzi yamtikisa,
huyaandika kwa lugha aliyoinyonya.
Mapishi, kwa Kiingereza, maana ndicho kilipacho.
Kitabu cha kwanza cha tungo kiliuza nakala arubaini;
kumi na tatu alizinunua mamake.
Cha mchuzi na pilipili kikamjengea mamake paa.
"Basi ulimi mmoja waimba na mmoja wala," nikamwambia.
Akacheka, akaandika. Kila kitu akiandika.

Maneno yetu tulikuwa tukiyaokota
kama mbaazi zilizomwagika sakafuni:
Dunia, dunia. Kamus, kamusi. Kertas, karatasi.
Syair, akasema. Shairi, nikasema,
na hapo akanyamaza, akachuja tena tui
ambalo tayari lilikuwa limechujwa.

Taabu ilikuwa vipimo.
Mhariri wake, huko aliko, ataka gramu.
Tui zito vipi? Mpaka lishike mgongo wa upawa.
Moto? Usiwe na hasira.
Chumvi? Kiasi.
Kiasi gani, Ibu?
Kiasi, mwanangu! Chumvi kiasi!
Akaitua kalamu.
"Kwetu," akasema, "mama huandika secukupnya."
Maana yake? Akaitafuta kwa Kiingereza, hakuipata.
Akaitafuta kwangu, akaikuta imekaa jikoni.

Usiku huo nilimwachia mbaazi, mimi nasali.
Nilipotoa salamu, harufu.
Sufuria yangu ya harusi, nyeusi hadi shingoni,
naye ameketi ngazini, simu ameiuma yamulika,
ajaza mistari mifupi mifupi
pambizoni mwa gazeti lililofungia mahamri.
Nilimtukana kwa Kimvita kitupu. Hakuinua kichwa.
Miaka saba, aliniambia asubuhi, akisugua kwa mchanga.
Miaka saba sijaandika mstari usiolipwa.

Mwaka wa pili vikaja viwili katika bahasha moja.
Jarida: jina langu limekosewa,
na mbaazi zangu zimetiwa "kijiko kimoja cha chumvi."
Nimelitandika chini ya mitungi ya achari.
Na kijitabu chembamba, lugha yake. Siwezi kukisoma,
ila hapa na pale neno lanitambua:
dunia. Kabar. Sabar.
Na ukurasa wa kumi na tisa, katikati ya wageni,
kiasi, peke yake, bila ya tafsiri,
na kando yake alama ya kidole, ya mafuta.
Hiyo yangu. Nilikifungua nikikaanga.