Saa Kumi Alfajiri

Harusi yetu ilisogezwa hadi Februari
kwa sababu ya nguruwe mwitu.
Padri alitupa Jumapili mbili za Desemba tuchague.
Bachisio akacheka kwa adabu, akatikisa kichwa:
"Padri, Jumapili hizo nina miadi,"
na mama yangu, chini ya meza, akanikanyaga mguu.
Umesikia? Usije ukasema hukuambiwa.

Nilisikia. Nikaolewa vivyo hivyo,
theluji ikiwa bado juu ya Gennargentu,
na usiku wa kwanza nikalala na mwanamume
aliyenukia sabuni, na chini ya sabuni, mbwa.

Kalenda ya jikoni kwetu haina watakatifu.
Ina Alhamisi na Jumapili, zimezungushiwa wino mwekundu,
tangu Novemba hadi Januari iishe.
Siku nyingine ni za kusubiri tu.
Gavina wetu alizaliwa Jumatano jioni.
"Huyu ana akili," babake akasema. "Amejua siku."

Nikuambie mambo ambayo wenye bunduki hawayasemi.
Friza yetu ni makaburi ya mapaja,
kila paja na jina la bonde lake na tarehe,
kwa mwandiko wake wa darasa la tano.
Ndani ya nyumba anatembea kwa ukingo wa nyayo,
hata mbao za sakafu zimesahau uzito wake.
Kanisani hukaa nyuma kabisa, mgongo ukutani,
aone mlango, na upepo unaingilia wapi.
Nikianika mashuka, hulowesha kidole, hukiinua,
kisha huniambia niyahamishie upande wa pili wa kamba.
Haulizi binti karudi saa ngapi.
Huinama mlangoni, akasoma tope la viatu:
"Alipitia kwa Zidda mwashi, njia ya mizeituni.
Hakuwa peke yake."
Gavina alilia siku mbili.
Siku ya tatu alijifunza kupangusa viatu.

Kunywa kahawa na mtu kama huyo
ni kunywa na sikio.
Katikati ya sentensi yako anainua mkono;
unadhani ni mapenzi, unadhani ni hasira,
kumbe ni kunguru, amelia mara moja tu
upande wa mialoni.

Nilimwonea wivu nguruwe, Mungu anisamehe.
Mnyama mwenye manyoya magumu kama chelewa
alijua kungojewa kuliko mimi.
Saa sita nyuma ya jiwe, mvua shingoni,
wala asikohoe!
Nami nilimwomba dakika kumi dukani
tuchague pazia.

Mwaka jana goti lilikataa.
Kisha jicho la kulia, lile la kulengea,
likaingiwa na ukungu usiopanda wala kushuka.
Daktari wa Nuoro alisema naye taratibu
kama anayemvua mtoto koti.
Bunduki ikaenda kwa mpwa wake, Efisio,
imeviringishwa ndani ya blanketi.
Bachisio akanawa mikono, akala mkate,
hakutia neno.

Nikawaza: sasa ni wangu. Jumapili zote hizo!
Nikawaza bahari. Nikawaza pazia.

Lakini Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa kumi alfajiri,
macho yangu yalifumbuka yenyewe.
Miguu ilijua baridi ya vigae, mkono ulijua birika;
nikakata jibini vipande vya kutia mfukoni
kabla sijakumbuka kwamba hakuna mfuko.
Alikuwa amekwisha kaa gizani,
buti zimefungwa kamba.

Magari ya wenzake yakapanda kilima,
moja, mawili, sita;
yakapunguza mwendo mlangoni petu, kisha yakaongeza.
Lampu akaweka kidevu kizingitini,
akalia kwa sauti nyembamba
ya bawaba isiyotiwa mafuta.

Tukakaa. Kahawa ikapoa.
Nje, mialoni ilisema kitu.

"Umegeuka," akasema.

Na mimi, ambaye sijapata kushika risasi
ila kuichokoa kwa ncha ya kisu kwenye nyama ya mchuzi,
nilikuwa nimeshayahamisha mashuka kichwani mwangu
upande wa pili wa kamba.