Kwanza Maji

Swali la sita: Panga kituo cha watu wanne mwezini.
Tulianza na bendera.
Chilumba akaweka madirisha, mimi nikaweka antena,
tukagombania jina.

Mama akaingia kutoka mikoroshoni,
salfa kwenye kope, salfa kwenye pindo la khanga,
akainamia karatasi bila kuigusa.
"Hao wanne, maji wanateka wapi?"

Kitabu kinasema barafu ipo, kusini kabisa,
ndani ya mashimo ambayo jua halijapata kuyachungulia.
Juu, ukingoni, mwanga karibu mwaka mzima.

"Basi hiyo ni Newala," akasema.
"Watu juu, maji bondeni."
Akatuhesabia kwa vidole vya njano
mteremko wa Shimo la Mungu, alfajiri, yeye ana miaka tisa:
ndoo tupu kushuka,
ndoo nzima kupanda,
nusu ndoo kufika.

Tukafuta bendera.
Tukachora njia kwanza, na mahali pa kutua mzigo,
tukapiga hesabu ya kupanda, ingawa kule
ndoo hupungua uzito mara sita.
Nikamsomea: vumbi la mwezi hung'ang'ania nguo,
halitoki hata ukilipiga.
Mama akacheka, akarudi mlangoni kujikung'uta.
"Wajengeeni kibaraza cha kuvulia."

Tulipata kumi na nne kati ya ishirini.
Pembeni, kwa wino mwekundu,
Mwalimu Nampunju ameandika:
Bendera iko wapi?