Jino la Kauri

Montevideo, mwezi wa Julai, baridi ya kuuma.
Nélida Echegoyen kaingia na kibuyu chake:
majani machungu, maji moto, mrija wa chuma.
Kinywaji hicho wao hukiita mate. Usicheke, msomaji,
kwao mate hunywewa, hayatemwi,
naye kayanywa miaka arobaini,
na kila asubuhi imeweka sahihi yake menoni.

"Yafanye meupe. Jumamosi mpwa wangu anaolewa."
Meupe kama nini? Kama sinki, labda. Hakufikiri.

Daktari Ibarburu hakujibu. Alitwaa kibao cha rangi,
vipande kumi na sita, toka maziwa hadi siagi kuukuu,
akavisogeza mdomoni kimoja kimoja
kama fundi atafutaye kitambaa cha kiraka.
Akapuliza hewa juu ya gego.
Nélida karuka. Ganzi! Mpaka sikioni!
"Hapa pana ufa," kasema, "na ufizi umerudi nyuma.
Dawa ikipenya humo, hutalala.
Tuzibe kwanza. Ufa usipozibwa, wajua mwenyewe."

Kisha akafika mbele, kushoto,
akasita.
"Hili si lako."

Si lake. Mwaka tisini na moja, baiskeli,
mteremko wa bandarini, breki zimekatika,
Waldemar nyuma yake akicheka
hadi alipoiona damu.
Wakamtengenezea la kauri, rangi ileile
ya wenzake wa siku ile.

"Kauri haisikii dawa. Itabaki ilivyo.
Mengine ukiyapeleka kwenye weupe wa sinki,
hili ndilo litakalokuwa doa.
Lakini tunaweza kuyapandisha taratibu, wiki tatu, nne,
yakalifikia hili. Yasilipite."

Akaomba kioo.
Akalitazama lile moja, jeupe kidogo kuliko ndugu zake,
lisilozeeka, lisilojua chai wala msiba,
muda mrefu, hata daktari akavua glavu.
"Kumbe," akasema, "nilikuwa hivi."

Kazibwa ufa. Karatasi ya miadi kaitia mfukoni:
Agosti, tarehe nane, saa nne.

Jumamosi alikwenda na meno yake yote kama yalivyo.
Picha nilizoonyeshwa ni kumi na mbili.
Katika kumi na moja kaachama kwa kicheko,
magego, kauri, vyote hadharani;
katika moja tu midomo imefumba,
imeshika mrija.