Kilo Mbili za Magazeti

Magazeti nanunua kwa kilo, siyo kwa siku.
Jumatatu kijana huleta gunia kutoka Kampala,
tunalipima kwenye mizani ya muuza makaa,
na saa moja asubuhi hapa Bombo, kando ya barabara ya Gulu,
habari za mwezi uliopita zimeshashika mafuta ya mayai yangu.

Ndivyo nilivyojifunza kusoma, nusu nusu:
kichwa cha habari bila mwili, paja bila mwenyewe,
waziri aliyekatwa shingo na mkunjo.
"Alipoulizwa, alisema" — halafu nyanya.

Miaka sita sasa, nawajua kwa vitenzi vyao.
Matajiri hukutana. Maskini hukusanyika.
Bosi huchelewesha malipo, fundi wake hutapeli.
Mwanamume hupewa cheo, mwanamke hupewa umri,
na umri usipojulikana, hupewa makalio.
Hakuna anayetoka tu nyumbani kwake:
watu hunaswa, hufumwa, huanikwa
kama mihogo.
Na ile alama ya kuuliza mwishoni
ni mlango wa nyuma, wa kutokea mwanasheria akibisha hodi.
"Mchungaji mchawi?"
Sisi tumeuliza tu, bwana.

Nesi Nyaketcho nilikutana naye Alhamisi,
binti yangu akiwa hajaota jino.
Dereva wa lori, chapati tatu; karatasi iko tayari kiganjani.
Picha: usiku, mlango wa duka la dawa umefunguka nusu,
mwanamume kavaa fulana ya kulalia,
mwanamke ana boksi, na boksi limezungushiwa duara jekundu.
Kiganda chao kilikuwa kimefanya kazi ndogo sana:
omukazi, mwanamke, kaandikwa ogukazi.
Herufi moja. M imetoka, g imeingia.
Kama kwetu unaposema mama ukatanguliza ji:
hujatukana, kesi huna,
umemtoa tu kwenye ngeli ya watu
ukampanga na majoka na majabali.

Jirani asiyetaka jina lake litajwe alisema.
Chanzo chetu cha kuaminika kilisema.
Mtaa ule una nyumba kumi na nne, nawajua wote,
na wote wanataka kutajwa, hata bure.

Usiku ule nilikuwepo.
Tazama kushoto, pembeni, utaona gurudumu la bodaboda.
Mimi nilikuwa juu yake. Wamenikata.
Zamzam alikuwa anavuja damu tangu magharibi,
wodini dawa ya kuizuia imekwisha,
na Nyaketcho akaugonga mlango ule kwa kiatu chake
mpaka mwenye duka akaamka.
Ulitaka avae tai?
Duara lao jekundu lilizunguka sindano nne.

Dereva nilimfungia chapati kwa karatasi nyingine.

Walimhamisha kituo, kisha akaacha kazi.
Wengine husema yuko kwao Tororo, anauza mtama.
Miezi mingi baadaye, chini kabisa ya gunia,
nikaokota masahihisho yao: ukubwa wa kiberiti,
yamebanwa kati ya mechi za kubeti na dawa ya nguvu za kiume.
"Tunasikitika kwa usumbufu uliompata Bi. Nyakecho."
T haipo.
Herufi moja tena.

Nimeyaweka kwenye kopo la chumvi. Sijui ya nini.

Binti ana miaka mitano, anasoma kwa kidole,
kurasa zikiwa bado na joto la jiko.
"Baba, kunaswa ni nini?"
Nikasema: ni mambo ya samaki.
Akaitazama picha, msichana fulani wa Wobulenzi,
mikono yote miwili usoni.
"Huyu ni samaki?"

Geuza chapati, nikamwambia. Inaungua.